Mwaka Ombeni Alipoimba Bafuni

Wiki iliyofuata mazishi ya Ombeni, binti yake Grâce alikuja saluni kwangu Albert Park na kichwa kilichosukwa vizuri kabisa, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaniomba nimfumue nianze upya. Nimesuka vichwa vya watu tangu usichana wangu, na ninamjua mtu anayetaka nywele na mtu anayetaka mahali pa kukaa. Nikashika kitana, nikaanza kufumua bila kuuliza. Tulikuwa tumefika nyuma ya sikio aliposema, bila kunitazama kwenye kioo, “Tantine Riziki, ku matanga nilisikia ba papa banasema Durban imepoteza sauti. Sauti gani? Papa alikuwaka anaimba?” Nilidhani ananitania. Nikamuuliza baba yake alikuwa amemweleza nini juu ya bendi yetu. “Alisema alikuwaka anabeba ma fil na ma micro,” akajibu. “Alisema mwimbaji alikuwa Trésor.” Mbeba nyaya. Ombeni. Nikakiweka kitana mezani, nikaenda kujifanya natafuta mafuta kabatini, kwa sababu kumkasirikia marehemu mbele ya mwanawe si adabu, na mimi nilikuwa nimekasirika kweli.

Basi nilimsimulia, na hapa naandika niliyomsimulia pamoja na mengine niliyoyameza. Sitaanza na tulikotoka wala njia tuliyopita mpaka Durban; kila mmoja wetu hapa ana hadithi hiyo, na ukizisikiliza zote utachoka kabla hujafika mpakani. Nitaanza na chumba. Kilikuwa cha Ya Flory, huko Umbilo, ghorofa ya chini, nyuma ya duka la matairi. Ya Flory, yaani kaka Flory, alikuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa gitaa. Mchana alitengeneza simu za watu, kwa hiyo vidole vyake vilizoea skrubu ambazo mimi hata sizioni, na nadhani ugonjwa wake ulianzia huko: hakuweza kuona kitu kinafanya kazi akakiacha kifanye kazi. Alikuwa amepata kompyuta iliyotumika, maikrofoni moja nzuri na kisanduku cha kuunganishia gitaa, akatangaza kwamba mwaka huo hatutapiga tena kwenye harusi na ubatizo ambako watu wanatafuna kuku juu ya muziki wetu. Tutarekodi, nyumbani, wimbo mmoja tu, lakini uliokamilika. Tukabandika trei za mayai ukutani. Godoro la kitanda chake tukaliegemeza dirishani lizuie honi za taxi zilizojazana kwenye robot, yaani taa za barabarani. Friji ilizimwa kila tuliporekodi kwa sababu ilinguruma, na kila mara tulisahau kuiwasha, ndiyo maana mwaka ule naukumbuka pia kwa harufu ya samaki aliyeanza kuharibika. Tulikutana Jumamosi mchana, mafundi wa matairi wakishafunga, na Jumapili baada ya kanisa, kila wiki, kana kwamba tumeajiriwa.

Tulikuwa wanne. Ya Flory gitaa la solo, mimi besi, niliyojifunza kanisani Bukavu kwa sababu hakuna mwanamume aliyetaka kuibeba, Yusuf ngoma, na Ombeni sauti. Yusuf alikuwa Mzanzibari wa Chatsworth, mmoja wa wale waliozaliwa hapa Durban na mababu zao pia, na ambao Zanzibar yenyewe wameisikia tu. Kiswahili chake alikiokota kwetu, kwa hiyo kilikuwa na Kifaransa ndani. Alikuja mara ya kwanza na drams zake zote. Ya Flory akaondoa ile kubwa kwa sababu jirani wa juu aligonga sakafu. Kisha akaondoa matoazi kwa sababu yaliingia kwenye maikrofoni ya gitaa. Kisha akaondoa zilizobaki kwa sababu ambayo siikumbuki, mpaka kufikia Pasaka Yusuf alikuwa anapiga boksi la viatu kwa brashi, na juu ya boksi taulo. “Eish, Bra Flory,” akamwambia siku moja, “next week nitapiga magoti yangu mwenyewe.” Ya Flory akafikiri kidogo, kisha akamuuliza atavaa suruali ya kitambaa gani. Sisi tulicheka. Yeye hakuwa anatania.

Wimbo ulikuwa wa Ombeni, na uliitwa Epua Chungu. Mtu amekimbia vita akaacha chungu motoni, na njiani anamwimbia jirani yake aingie ndani, mlango haukufungwa, akiepue kisije kikaungua. Ni hilo tu. Hakuna risasi ndani ya wimbo ule, hakuna jina la jenerali, ni chungu tu, na bado nimeona wanaume wazima wakitoka nje ya ukumbi wa harusi Ombeni alipouanza. Kazi yake ilikuwa kulinda magari kwenye maegesho ya duka kubwa. Alishinda juani na fulana ya kung'aa akielekeza watu waegeshe, “kuja, kuja, kuja, sharp,” na jioni alikuja mazoezini na kilichobaki cha koo lake, na kilichobaki kilitutosha. Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilichelewa. Sisi tulifika kwenye pigo, yeye akafika baadaye kidogo, kama mtu anayekumbuka neno katikati ya mazungumzo, na wewe msikilizaji ukajikuta umeinama kumngojea. Nimepiga besi nyuma ya waimbaji wengi tangu wakati ule, na wote walifika kwa wakati.

Na alikuwa na rovu. Uvimbe ule wa shingoni alitoka nao nyumbani, mdogo, anaufunika kwa kola. Mwaka ule ulianza kumbana akilala. Hospitali wakampa tarehe ya kupasuliwa, mwezi wa tisa, wakamweleza bila kumficha kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na uvimbe. Huenda sauti ingebaki, huenda ingepotea, huenda ingerudi nyingine. Alituambia habari hiyo tukiwa tumekaa sakafuni kwa Ya Flory tukila bugali na sombe, kile kisamvu chetu, aliyopika mke wa Ombeni, ambaye wakati huo alikuwa na mimba changa ya huyu Grâce. Ombeni alikuwa ananawa mikono. Akasema, “Minataka kintu kimoja tu. Mutoto akikuwa mukubwa, asikie vile baba yake alikuwaka anaimba. Akishasikia, hata nikikuwa bubu, haina neno.” Ya Flory akamwekea sombe nyingine kwenye sahani, akamwambia, “Utaimba, petit, mudogo wangu. Tutaweka sauti yako juu ya muziki propre, musafi, mutoto atajivunia.” Yusuf akasema insha'Allah. Mimi nikasema amina. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo: hapakuwa na mtu asiyejua. Tulijua tunakimbilia nini, na tukatembea.

Tulitembea kwa sababu ya utaratibu. Mkirekodi nyumbani na maikrofoni moja nzuri, hamwezi kupiga wote pamoja. Mnarekodi mmoja mmoja, mnarundika. Lakini mpiga gitaa hawezi kupiga wimbo asiousikia, kwa hiyo mwimbaji anaimba naye kwanza sauti ya kuwaongoza wengine. Sisi Wakongomani tunaiita témoin, yaani shahidi. Shahidi haimbi vizuri wala vibaya, anashika nafasi tu, na muziki ukiisha anafutwa na sauti ya kweli inawekwa mwisho. Ndivyo walivyofanya wakubwa waliomfundisha Ya Flory, na alivyofundishwa ndivyo alivyofanya. “Sauti ni paa,” alikuwa anasema. “Hatuweke paa mbele ya ukuta.” Tatizo ni kwamba ukuta wake haukuisha. Alipiga gitaa la mashairi, akasikia kamba inakwaruza, akafuta. Alipiga tena, akasikia godoro linahema. Kisha akagundua kwamba sauti ya Ombeni, aliyekuwa amekaa kitandani pembeni, inaingia kwa mbali kwenye maikrofoni ya gitaa. Akamhamishia jikoni. Ikaendelea kuingia. Mwisho akampeleka bafuni, akafunga mlango, akapitisha waya chini yake.

Ombeni aliimba bafuni tangu mwezi wa tatu mpaka wa saba. Alisimama ndani ya beseni kubwa la kuogea, viatu amevua, pazia la plastiki nyuma yake, na maikrofoni mbovu ya karaoke mkononi, kwa sababu ile nzuri ilikuwa ya gitaa. Mimi nilimsikia kwenye headphone nikingoja zamu yangu, na nasema bila kupunguza wala kuongeza: sijasikia kitu kizuri kama kile tena. Vigae vya bafu viliishika ile sauti vikaizungusha. Na kwa kuwa alijua ni shahidi tu, hakujikaza; aliimba kama mtu anayefua nguo zake. Kila Ya Flory alipobadilisha kasi kidogo, au ufunguo, au alipoamka na wazo kwamba utangulizi ni mrefu, ilibidi shahidi mpya, na yule wa zamani akafutwa kwa sababu kompyuta ilikuwa na tumbo dogo. Alifuta kwa kidole kimoja, huku anakunywa chai. Siku moja Mama Grâce alileta chakula, akaenda kumpelekea mumewe bafuni, na hawakujua kwamba maikrofoni iko wazi. Nikawasikia huku najaribisha besi. Mama Grâce alikaa kwenye ukingo wa beseni, nadhani, maana sauti yake ilikuwa chini, na Ombeni akawa anaongea na tumbo la mkewe: “Hii ni besi, unasikia? Njo tantine Riziki. Anakasirikaka bure, lakini anapiga muzuri.” Kisha akamwimbia mtoto mstari mmoja, polepole, na mkewe akacheka. Hata hiyo ilirekodiwa. Hata hiyo ilifutwa.

Nilisema. Sikunyamaza, nataka hilo lijulikane, ingawa halikusaidia kitu. Nilimwambia Ya Flory amrekodi Ombeni kwanza, leo, kwa maikrofoni nzuri, halafu aendelee kusugua gitaa lake mpaka Yesu arudi. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema akimrekodi sasa na baadaye akabadilisha kasi, sauti haitakaa. Nikamwambia basi asibadilishe kasi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa aache kupumua. Kilichonimaliza ni Ombeni mwenyewe. Alitoka bafuni, miguu mitupu, akasema kwa upole, “Riziki, muache mukubwa afanye kazi.” Nikafunga besi yangu kwenye mfuko, nikaondoka, na sikurudi karibu mwezi mzima. Nilikaa saluni nikisuka watu kwa nguvu mpaka wakalalamika. Sikuwa na mtu wa kumlaumu kwa sauti, kwa sababu mwenye kidonda alikuwa ameridhika.

Ombeni alinifuata mwenyewe. Alikuja kwa miguu na fulana yake ya kung'aa, akakaa kwenye kiti kile kile ambacho mwanawe alikuja kukalia, akangoja nimalize mteja. Akaniambia besi ya kuchukua nafasi yangu haipatikani, kwamba Yusuf anajaribu kupiga besi kwa mdomo. Nikamwambia asinichekeshe. “Na shingo yako?” nikamuuliza. “Shingo iko na tarehe yake,” akasema. “Iko mbali. Ya Flory amesema gitaa inabakia kidogo tu.” Nikamwambia kwamba kidogo tu ya Ya Flory naijua. Akasema, “Mukubwa hasukumwake, Riziki. Ukimusukuma anaanguka, na wote tunaona haya.” Ni maneno mazuri na mimi nililelewa nayo kama yeye, lakini siku ile nilitamani nimpige na kitana. Nilirudi. Na kweli, mwishoni mwa mwezi wa sita, gitaa lilikamilika. Ya Flory alitukalisha wote akatusikilizisha, na siwezi kusema uongo, lilikuwa safi. Hapakuwa na kamba inayokwaruza, hapakuwa na robot wala jirani. Hata kwa mbali, ukiweka sikio, hapakuwa na Ombeni. Wiki ya kwanza ya mwezi wa saba akamfuta shahidi wa mwisho ili apate nafasi ya sauti ya kweli, ambayo alipanga kuichukua taratibu, mwezi wa nane wote.

Alhamisi ya wiki iliyofuata hospitali wakampigia Ombeni simu. Mtu aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alikuwa amejitoa, nafasi imepatikana, aje Jumatatu. Mama Grâce alishangilia, na alikuwa na haki. Mumewe alikuwa anakoroma usiku kama anakabwa, na kwake simu ile ilikuwa bahati. Sisi tulikuwa na Jumamosi na Jumapili. Nikajisemea, vizuri, sasa hata Ya Flory hana pa kusogea. Sikumjua bado.

Jumamosi ile alimtoa Ombeni bafuni akamsimamisha katikati ya chumba, mbele ya trei za mayai, na maikrofoni nzuri. Mara ya kwanza alimkatiza kwa sababu ya pumzi. Mara ya pili herufi fulani ilipasuka. Aliimba tena na tena, na baada ya kila mara Ya Flory alitikisa kichwa, “On reprend,” tunarudia. Kisha akamwita kwenye kompyuta. Nakumbuka alivyomshika bega, kwa upendo kabisa. “Angalia, petit. Hii mustari ni gitaa. Hii ni wewe. Unaona? Unaingia nyuma. Kila mahali unaingia nyuma.” Ombeni akainama kuangalia. Alikuwa ameimba maisha yake yote bila kuona sauti yake kwa macho, na sasa anaonyeshwa na mtu anayemheshimu mistari miwili isiyolingana. “Ah,” akasema. “Pardon, Ya Flory.” Akarudi kwenye maikrofoni, akaingia kwa wakati. Kila neno likakaa juu ya gitaa sawasawa, na wimbo ukafa mbele yetu. Yusuf aliacha kuchezea brashi yake. Nikapiga kelele, nikamwambia Ya Flory kwamba huyo si Ombeni, kwamba amwache achelewe, kwamba kuchelewa ndio wimbo wenyewe. Yusuf akasema, “She's right, bra.” Ya Flory akasikiliza tena, na nadhani alisikia, maana alivua headphone akaiweka mapajani. Kisha akasema wote tumechoka, hakuna hata moja iliyo nzuri, atazifuta zote apate nafasi, na kesho asubuhi sauti itakuwa fraîche, imepumzika. Akafuta. Nilikuwa nimesimama pale pale. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Jumapili asubuhi Ombeni alifungua mdomo ikatoka sauti ya kiti kinachoburutwa sakafuni. Alikuwa ameimba Jumamosi kutwa na koo lile lililokwisha kubanwa. Mama Grâce akachemsha tangawizi, Yusuf akaenda kutafuta asali, Ya Flory akazima friji akakaa mbele ya kompyuta na mikono mapajani. Tulingoja mpaka jioni. Ombeni alijaribu mara chache, kisha akaanza kutabasamu kila alipojaribu, kama anayetuomba radhi kwa kutupotezea siku. Hatukula. Sikumbuki nani aliyeondoka kwanza.

Grâce alizaliwa mwezi wa tisa. Operesheni ilikuwa imeenda vizuri. Walimwokoa, na uvimbe haukurudi tena. Lakini sauti ilirudi nyingine, kama walivyoonya. Mwezi wa kumi Ombeni alikuja Umbilo na skafu shingoni, akitabasamu, akizungumza kwa mnong'ono wenye kokoto. Ya Flory alikuwa amekonda. Alikuwa amempata kijana wa kwaya, Trésor, mwenye sauti tamu na meno mazuri, na gitaa lilikuwepo, safi, limekaa linangoja. Lakini Trésor hakuujua wimbo. Ya Flory alizunguka zunguka, akasogeza vikombe, kisha akasema huku anaangalia sakafu: “Petit, uimbe tu témoin. Juu Trésor ajifunze.” Nilitaka kusimama. Ombeni alikuwa ameshavua viatu. Akaenda bafuni kwa mazoea, akafunga mlango, na kwenye headphone tukasikia miguu yake ikiingia kwenye beseni.

Akaimba. Sauti ilikuwa chini, nusu yake upepo, na ilimkatikia katikati ya maneno, alisema “chu,” akavuta hewa, kisha “ngu.” Na alichelewa. Alichelewa kuliko zamani, kwa sababu sasa ilibidi aitafute kila noti mahali pake papya. Mtu yule wa wimbo, aliyekimbia akaacha chungu motoni, sasa nilimsikia akikimbia kweli. Besi yangu ilikuwa mapajani na sikuigusa. Alipomaliza, tukamngojea Ya Flory aseme tunarudia. Akavua headphone akasema, “C'est bon,” ni nzuri. Mwaka mzima sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Ombeni alitoka bafuni akaketi kuvaa viatu. “Trésor akishajifunza, inafutwa, si ndiyo?” akauliza. Ya Flory akasema hapana, hii tunaiacha. “Témoin inafutwaka, Ya Flory.” “Hii hapana.” Ombeni akafunga kamba ya kiatu kimoja, akasimama. “Nilikuheshimu mwaka muzima,” akasema kwa ule mnong'ono. “Leo njo wewe uniheshimu. Mutoto akisikia hii, atasema baba yake aliimbaka hivi.” Nikamwambia Ya Flory asiguse kitu. Nikamwambia Ombeni ni mjinga, kwamba hii ndiyo yenyewe, kwamba ile ya bafuni ya zamani hairudi na maji yakimwagika hayazoleki. Yeye alimtazama mkubwa tu. Yusuf akasema taratibu, “It's his voice, my sister.” Ya Flory akamruhusu Trésor asikilize mara moja. Kisha akafuta kwa kidole kile kile, na safari hii hakukuwa na chai.

Trésor aliimba vizuri, kwa wakati. Ya Flory akaikata beti ya pili ili watu wafike mapema kwenye seben, ile sehemu ya magitaa, wacheze, na wakacheza kweli. Wimbo ulipigwa saluni zote za Albert Park kwa miezi kadhaa. Bendi haikupiga tena. Ya Flory alihamia Cape Town, na nasikia bado anatengeneza simu. Ombeni alirudi kwenye maegesho na filimbi mdomoni, badala ya kupaza sauti, na tulipokutana tulizungumza juu ya watoto. Mimi nilibaki na hasira ambayo haikuwa na mwenyewe: kwa mmoja kwa kufuta alichopenda, kwa mwingine kwa kuomba afutwe. Na sasa nagundua kwamba aliendelea kujifuta hata nyumbani kwake, mpaka kwa mtoto aliyemwimbia kabla hajazaliwa.

Grâce alisikiliza mpaka kichwa chote kikawa wazi, nywele zimesimama. Hakulia. Aliniuliza, “Sasa wimbo yenyewe iko namna gani? Eish, tantine, niimbie.” Nikamwambia mimi ni mtu wa besi, nikiimba mbuzi wanakimbia. Akasema saluni haina mbuzi. Basi nikaurudisha mlango, nikaimba beti ya kwanza, vibaya, nikijitahidi kuchelewa mahali alipochelewa: jirani yangu, nimeacha chungu motoni, ingia ndani, mlango haukufungwa. Nilipoinua macho alikuwa amekunja uso kwenye kioo. “Hiyo?” akasema. “Hiyo ni ya kulalisha watoto. Papa alikuwa ananifanyiaka hiyo nikikataa kulala. Nilizani ba papa bote banaijuaka.” Nikamwambia kwamba ilikuwepo beti ya pili, ilikatwa, na mimi sikuwahi kuyashika maneno yake, maana mpiga besi husikiliza miguu ya wachezaji.

Akaiimba. Grâce ana sauti nyororo, nimemsikia akiongea tangu utotoni, lakini aliishusha chini kabisa, akaijaza upepo, akaimba akiangalia mikono yake: ukiepua, usinitunzie, wapakulie watoto kikiwa na joto, miye nitakula nikifika. Aliingia amechelewa kila mahali. Alipofika kwenye “joto” akalikata neno katikati, akavuta hewa, akamalizia. Nikamuuliza kwa nini anakata pale.

“Njo vile inaimbwaka,” akasema.